Kiu ya Oksijeni Ndani ya Figo: Historia ya Fani Tatu Zilizochelewa Kukutana

Figo mbili za mtu mzima hazifikii hata asilimia 1 ya uzito wa mwili wake, lakini kila dakika hupitiwa na takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa tiba waliishi miaka mingi wakiamini kwamba kiungo kinachopewa damu nyingi kiasi hicho hakiwezi kupungukiwa na oksijeni, isipokuwa damu yenyewe iwe imekatika. Imani hiyo ilikuwa na mantiki lakini haikuwa sahihi, na kuporomoka kwake kulichukua zaidi ya nusu karne. Historia ya namna seli za kinga zinavyoitikia upungufu wa oksijeni katika figo iliyojeruhiwa ni historia ya fani tatu, yaani tiba ya figo, uchunguzi wa oksijeni na elimu ya kinga ya mwili, ambazo kila moja ilishika sehemu yake ya ukweli bila kuyasoma kwa makini yaliyoandikwa na nyingine. Kuchelewa kwake kukutana ndiko kunakoeleza kwa nini maradhi ambayo yameua watu tangu zamani yalianza kueleweka kwa undani katika karne ya 21 tu.

Tarehe inayotajwa na vitabu vingi vya tiba ni Machi 1941, ambapo Eric Bywaters na Desmond Beall wa Hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha taarifa ya wagonjwa 4 waliofukuliwa chini ya vifusi vya nyumba zilizoangushwa na mabomu ya ndege za Ujerumani. Wagonjwa hao walikuwa wamebanwa mkono au mguu kwa saa nyingi, na walipotolewa walionekana kuwa na hali ya kuridhisha, kiasi kwamba asiyejua angedhani hatari imekwisha. Baada ya muda mfupi kiungo kilichobanwa kilivimba na kukakamaa, shinikizo la damu likashuka, mkojo ukapungua na kugeuka rangi ya kahawia, na kufikia wiki moja hivi wakafariki huku damu yao imejaa taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa. Maiti zilipopasuliwa, figo ambazo hazikuguswa na tofali wala boriti zilikutwa zimeharibika: mirija midogo inayotengeneza mkojo ilikuwa imekufa sehemu sehemu, na ndani yake mlikuwa na vigande vya rangi ya kahawia vilivyoziba njia. Baadaye Bywaters alionyesha kwamba rangi ile ilitoka katika misuli iliyopondeka, nayo ni mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Lakini mayoglobini peke yake haikutosha kueleza vifo vile, na swali la nini hasa kiliua mirija ya figo likabaki wazi.

Bywaters na Beall hawakuwa wa kwanza kuiona hali hiyo, ingawa wao ndio walioifanya ijulikane. Baada ya tetemeko la ardhi lililoubomoa mji wa Messina, kisiwani Sicily, tarehe 28 Desemba 1908, daktari wa upasuaji Franz Colmers kutoka Ujerumani alieleza majeraha ya watu waliofukuliwa vifusini, na mwaka 1923 tabibu wa Kijapani Seigo Minami, akifanya kazi Berlin, alichapisha uchunguzi wa figo za askari waliofukiwa na udongo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi hayo yalikuwa ya Kijerumani, na madaktari wa London walipoandika taarifa yao hawakuwa na habari nayo. Huo ndio mfano wa kwanza wa ujuzi uliokuwepo ukaachwa bila kutumika, na haukuwa wa mwisho.

Wakati huohuo tiba ya nchi za joto ilikuwa na fumbo lake linalofanana na hilo. Robert Koch, ambaye alikaa Dar es Salaam kwa sehemu ya miaka ya 1897 na 1898 kwa kazi ya serikali ya kikoloni ya Ujerumani, alichunguza pamoja na malaria homa ya mkojo mweusi, maradhi ambayo chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi, mkojo ukawa na rangi ya kahawa au ya divai iliyokolea, na kwa wagonjwa wengi ukakatika kabisa kabla ya kifo. Koch aliishuku dawa ya kwinini kuwa ndiyo inayoleta maradhi hayo, na mjadala wa madaktari wa wakati huo ulitawaliwa na swali la kwinini badala ya swali la figo. Ilipofika 1945, Brian Maegraith na wenzake wawili, Havard na Parsons, waliandika katika jarida la Lancet hoja iliyostahili kusikilizwa kuliko ilivyosikilizwa: kwamba homa ya mkojo mweusi, majeraha ya kubanwa na vifusi, makosa ya kuongezewa damu isiyolingana na hali nyingine zilizoonekana kuwa mbalimbali zinakutana mahali pamoja, napo ni kwamba figo imekosa oksijeni. Hoja hiyo ilitolewa kabla hajatokea mtu wa kupima oksijeni iliyomo ndani ya figo hai, hivyo ilikuwa makisio, lakini makisio ya watu walioketi kando ya vitanda vya wagonjwa na kuona kwamba vyanzo vingi vina mwisho mmoja.

Makisio mengine hayakuwa na bahati hiyo. Josep Trueta, mpasuaji wa Kikatalani aliyekimbilia Oxford baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, alitoa pamoja na wenzake mwaka 1947 kitabu kilichodai, kwa ushahidi wa picha za eksirei za sungura, kwamba wakati wa mshtuko damu huikwepa sehemu ya nje ya figo na kupita njia ya ndani. Maelezo yake hayakuthibitika kwa binadamu kama alivyoyaweka. Hata hivyo, Trueta aliwalazimisha wenzake waache kuizungumzia figo kana kwamba ni kitu kimoja kisicho na sehemu, na waanze kuuliza ni wapi ndani yake damu inafika na wapi haifiki. Kwa mtazamo wa historia, huo ni mchango mkubwa hata kama jibu lake lilikosea.

Katika miaka hiyohiyo mashine ya kusafisha damu ilileta jambo ambalo hapo awali halikuweza kuonekana. Willem Kolff aliijenga mashine yake katika mji wa Kampen, Uholanzi, uliokuwa umekaliwa na majeshi ya Ujerumani, na mwaka 1945 akapata mgonjwa wa kwanza aliyepona kwa msaada wake. Katika Vita vya Korea jeshi la Marekani liliweka kituo cha aina hiyo Wonju mwaka 1952. Faida ya mara moja ilikuwa kuokoa maisha, lakini kulikuwa na faida ya pili: wagonjwa ambao zamani wangekufa ndani ya siku 10 sasa waliishi majuma kadhaa, na madaktari wakashuhudia mkojo ukirejea wenyewe, kwanza kidogo, kisha kwa lita. Figo iliyoonekana kufa ilikuwa inajijenga upya. Swali la nani anaifanya kazi hiyo ya ujenzi halikuulizwa kwa uzito wakati huo, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mirija inajitosheleza.

Kipimo cha oksijeni kilipatikana hatimaye. Mwaka 1960 Aukland na Krog, watafiti wa Norway, walichapisha vipimo vya figo hai vilivyoonyesha tofauti kubwa kati ya tabaka mbili za kiungo hicho. Tabaka la nje, liitwalo korteksi, ndilo lenye vichujio vya damu, na mgandamizo wa oksijeni humo ni takriban milimita 50 za zebaki. Tabaka la ndani, liitwalo medula, ndilo linalokoleza mkojo ili mwili usipoteze maji yake, na mgandamizo wa oksijeni humo hushuka hadi kati ya milimita 10 na 20. Figo yenye afya, katika mwili wenye afya, siku yoyote ya kawaida, ina sehemu inayoishi ukingoni mwa ukame wa oksijeni.

Sababu yake iko katika umbo. Ili medula iweze kukoleza mkojo ni lazima chumvi irundikane humo bila kuoshwa na damu, na kwa hiyo mishipa inayoingia ni myembamba, inabeba takriban asilimia 10 tu ya damu ya figo, na inashuka sambamba na ile inayopanda, ikikaribiana nayo sana. Ukaribu huo unaibakiza chumvi ndani, lakini pia unairuhusu oksijeni itoroke kutoka mshipa unaoshuka kwenda mshipa unaopanda, kama maji ya mfereji yanayovujia kwa jirani kabla ya kulifikia shamba la mwisho. Na kwenye shamba hilo la mwisho ndiko kuliko na wafanyakazi wenye mahitaji makubwa, yaani seli za sehemu nene ya mrija unaopanda, ambazo huisukuma chumvi usiku na mchana kwa nishati nyingi na kutumia takriban asilimia 80 ya oksijeni kidogo inayoletwa kwao. Mayer Brezis, Seymour Rosen na Franklin Epstein, katika kazi zilizofanyika Boston katika miaka ya 1980, walizitoa figo za panya, wakazipitishia majimaji yenye virutubisho bila chembe nyekundu za damu, na kukuta kwamba seli zilizokaa mbali zaidi na mishipa ndizo zilizokufa kwanza. Kisha walifanya jaribio ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila chuo cha tiba: waliisimamisha kwa dawa ile kazi ya kusukuma chumvi, na seli zilizopumzishwa ziliokoka. Jeraha, kwa hiyo, halikutokana na uchache wa oksijeni peke yake, bali na kutolingana kwa kinachofika na kinachotumika.

Uchunguzi wa oksijeni kama fani ulikuwa umepita njia nyingine kabisa, ingawa nao ulipitia figoni. Mwaka 1890 François-Gilbert Viault, akiwa Morococha katika milima ya Peru, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 4,000, alihesabu chembe nyekundu katika damu yake na ya wenzake, akaona zimeongezeka kutoka takriban milioni 5 kwa milimita moja ya ujazo hadi kupita milioni 7 kwa majuma machache. Mwaka 1906 Paul Carnot na Clotilde Deflandre, jijini Paris, walidai kuwa damu ya sungura aliyepunguziwa damu ina kitu kinachomfanya sungura mwingine atengeneze chembe nyekundu. Mwaka 1957 Leon Jacobson na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba panya aliyeondolewa figo hupoteza uwezo huo, na hivyo ikajulikana kwamba homoni hiyo, erithropoietini, hutoka figoni. Eugene Goldwasser aliifuatilia kwa miaka 20 kabla ya kufanikiwa kuisafisha mwaka 1977, akishirikiana na Takaji Miyake aliyeleta kutoka Japani mabaki makavu ya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa damu. Sayansi nyingi huanza kwa wazo. Hii ilihitaji subira ya kukusanya mkojo kikombe kwa kikombe.

Kilichofuata ni swali la jinsi seli inavyojua kwamba oksijeni imepungua. Gregg Semenza na Guang Wang wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliieleza mwaka 1992 protini inayojishika kwenye jeni la erithropoietini pale oksijeni inapopungua, nayo ikajulikana kwa kifupi HIF-1, yaani kigezo kinachochochewa na upungufu wa oksijeni. Peter Ratcliffe wa Oxford, daktari wa figo kwa mafunzo, alionyesha pamoja na Patrick Maxwell na Christopher Pugh mwaka 1993 kwamba uwezo huo wa kuihisi oksijeni haupo tu katika seli zinazotengeneza homoni hiyo, bali umeenea katika seli za aina nyingi sana. William Kaelin wa Boston aliingia kwa mlango wa saratani ya figo, kwa sababu jeni la VHL, ambalo likiharibika huleta saratani hiyo, lilikutwa kuwa ndilo linalohusika kuiondoa HIF. Mwaka 2001 maabara za Kaelin na Ratcliffe zilieleza kila moja utaratibu wenyewe: oksijeni ikiwepo, vimeng'enya maalumu huitumia kutia alama kwenye HIF, na protini ya VHL huitambua alama hiyo na kuipeleka HIF ikaharibiwe ndani ya dakika chache; oksijeni ikipungua, alama haitiwi, HIF inabaki, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni. Semenza, Ratcliffe na Kaelin walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019 kwa kazi hiyo.

Mwandishi wa historia hii hawezi kupita hapa bila kushangaa. Figo ndiyo iliyotoa homoni iliyoongoza kwenye ugunduzi wote huo, na saratani ya figo ndiyo iliyofungua nusu yake ya pili, lakini miaka mingi ilipita kabla maarifa hayo hayajarudishwa figoni kuulizia jeraha lililoelezwa London mwaka 1941. Christian Rosenberger na wenzake wa Ujerumani waliporudi huko mwaka 2002, walikuta katika figo za panya kwamba HIF-1 hujitokeza hasa katika seli za mirija, na ndugu yake HIF-2 katika seli za mishipa na katika seli zilizo baina ya mirija. Mgawanyo huo ulikuwa dalili kwamba seli jirani zilizokosa oksijeni kwa kiwango kilekile hazisemi lugha moja.

Fani ya tatu ilizaliwa Messina, mji uleule ambao tetemeko lingeubomoa baadaye. Huko, mwishoni mwa mwaka 1882, Ilya Metchnikoff alichoma miiba ya waridi ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo vinapitisha mwanga kama kioo, na siku iliyofuata akaona kwa hadubini seli zinazotembea zimeizunguka miiba hiyo. Kutokana na hilo alijenga nadharia kwamba mwili una seli walaji ambazo huhamia kwenye jeraha, kumeza wavamizi na kufagia mabaki. Alipewa Tuzo ya Nobel Desemba 1908, siku zisizotimia 20 kabla ya Messina kuanguka na waliofukuliwa humo kuanza kuonyesha maradhi yatokanayo na kubanwa. Chanzo cha elimu ya seli walaji na moja ya maelezo ya awali ya majeraha hayo yanaambatana na mji mmoja, lakini karibu miaka 100 ilipita kabla havijawekwa kwenye ukurasa mmoja.

Sababu moja ni kwamba seli za kinga zilizomo figoni zilionekana kama wageni waliokuja baada ya uharibifu. Mwaka 1983 David Hume na Siamon Gordon wa Oxford walitumia kingamwili inayozitambua makrofaji, ambazo ni seli walaji kubwa zinazokaa ndani ya tishu, na wakakuta figo ya panya mzima ikiwa na mtandao wa seli hizo uliozunguka mirija katika korteksi na katika medula pia. Walinzi walikuwa wenyeji. Wale waliokaa medula waliishi maisha yao yote katika oksijeni haba na chumvi nyingi, jambo ambalo halikupewa umuhimu wake wakati huo.

Miaka ya 1990 ililenga wageni, hasa nyutrofili, ambazo ni seli nyeupe zinazofika mapema kwenye jeraha zikiwa na kemikali za kuua vijidudu. Figo ya panya inapofungwa mshipa wake kwa dakika 30 au 45 na kisha kufunguliwa, sehemu kubwa ya uharibifu hutokea baada ya damu kurudi, na wakati huo seli nyeupe hujazana katika mishipa midogo ya mpaka wa korteksi na medula na kuizuia damu isipite, hivyo ukosefu wa oksijeni ukaendelea hata mlango ukiwa wazi. Katika maabara ya Joseph Bonventre huko Boston ilionyeshwa mwaka 1994 kwamba kingamwili inayozuia nyutrofili kujinasa kwenye kuta za mishipa huilinda figo ya panya. Matumaini yalikuwa makubwa, na dawa ya aina hiyo ikajaribiwa Ulaya kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 hayakuonyesha faida. Kushindwa huko kulikuwa na funzo ambalo halikuonekana mara moja, kwani jaribio lilikuwa limezihesabu seli za kinga kuwa adui wa kuzuiwa mlangoni, bila kuuliza zinakuwa nini zikiisha kuingia.

Swali hilo lilipata mlango wake mwaka 2003, wakati Thorsten Cramer, katika maabara ya Randall Johnson huko San Diego, alipochapisha kazi juu ya panya ambao makrofaji na nyutrofili zao zilikuwa zimenyimwa HIF-1. Seli hizo zilizaliwa, zikazunguka katika damu, lakini zilipohitajika zilishindwa: zilitembea kwa uzito, ziliua bakteria vibaya, na mchochota, yaani ule wekundu, uvimbe na joto la tishu iliyojeruhiwa, ulipungua sana. Maelezo yake yako katika nishati. Seli nyingi za mwili huunguza sukari kwa oksijeni na kupata nishati nyingi, lakini seli walaji zimezoea kuivunja sukari bila oksijeni, njia yenye mavuno madogo ila inayofanya kazi ndani ya usaha na tishu iliyokufa, na HIF-1 ndiyo inayoiwezesha njia hiyo. Mwaka 2005 Sarah Walmsley na wenzake wa Uingereza waliongeza kwamba nyutrofili, ambazo kwa kawaida hufa ndani ya siku moja hivi, huishi muda mrefu zaidi oksijeni inapopungua, na HIF-1 inahusika. Figoni jambo hilo ni zito. Mahali ambapo mirija inakufa kwa kukosa oksijeni, askari wenye silaha kali zaidi huongezewa umri.

Baada ya hapo fani zile tatu zikaanza kusomana. Luke O'Neill na wenzake wa Dublin walionyesha mwaka 2013, katika makrofaji zilizochochewa na sumu ya bakteria, kwamba suksineti, kemikali ya kawaida katika uunguzaji wa sukari, ikirundikana huifanya HIF-1 isiharibiwe hata pale oksijeni inapokuwepo, na HIF-1 hiyo huwasha utengenezaji wa mojawapo ya vichocheo vikali vya mchochota. Mwaka uliofuata kundi lililoongozwa na Michael Murphy na Thomas Krieg, Cambridge, lilikuta kwamba suksineti hurundikana katika moyo, figo, ini na ubongo vilivyokatiwa damu, na katika moyo damu ikirudi huunguzwa kwa kasi na kuzalisha kemikali za oksijeni zinazoharibu kuta za seli. Kazi hizo mbili zilifanyika mbali na wodi za figo, lakini zikisomwa pamoja zinatoa maelezo yenye nguvu ya kwa nini saa ya ukombozi, yaani damu inaporudi, ni saa ya hatari.

Maabara ya Volker Haase nchini Marekani ndiyo iliyoonyesha jinsi jibu lilivyo gumu. Mwaka 2007 ilichapisha kwamba HIF-1 ikiondolewa katika seli za mirija ya panya aliyezibwa njia ya mkojo, makovu ya figo hupungua, maana yake HIF-1 ya mirija inachangia makovu. Mwaka 2012 maabara hiyohiyo ilionyesha kwamba HIF ikiondolewa katika seli walaji kwa panya wenye jeraha la aina hiyohiyo, mchochota huzidi, na ikiamshwa ndani ya seli hizo mchochota hupungua. Matokeo hayo pia hayalingani na yale ya Cramer, ambaye alikuta seli walaji zisizo na HIF-1 zimepoteza ukali. Msomaji anayetaka jibu moja la iwapo HIF ni nzuri au mbaya atakatishwa tamaa, na anastahili kukatishwa tamaa, kwa kuwa swali lenyewe limeachwa nyuma na ushahidi. Protini ileile hutoa amri tofauti kulingana na seli iliyomo, aina ya jeraha na muda uliopita.

Suala la muda liliwekwa wazi mwaka 2011 na Sik Lee na Lloyd Cantley wa Chuo Kikuu cha Yale. Walipoziondoa makrofaji kabla ya kuifunga mishipa ya figo, jeraha lilikuwa dogo. Walipoziondoa siku kadhaa baada ya jeraha, mirija ilichelewa kuzaliana na figo ikachelewa kupona. Tena waliingiza kwenye panya makrofaji zilizotiwa alama na kufundishwa ukali, wakakuta kwamba baada ya kukaa ndani ya figo inayopona zilibadilika na kuwa za ujenzi. Walioharibu siku ya kwanza na waliojenga siku ya tano walikuwa, kwa sehemu, seli zilezile. Swali lililoachwa wazi na mashine ya Kolff lilipata hapo sehemu ya jibu lake.

Kuhusu wenyeji wa medula, Menna Clatworthy na wenzake wa Cambridge walichapisha mwaka 2017 kwamba chumvi iliyorundikwa huko huzifanya seli za mirija zitoe kemikali za kuita, na makrofaji huja kukaa medula ili kuizuia bakteria inayopanda kutoka kibofuni. Utaratibu uleule unaomwezesha mtu kuhifadhi maji unaweka askari mahali penye oksijeni haba kuliko pote figoni, na kwa hiyo hakuna sababu ya kushangaa kwamba jeraha dogo la oksijeni linawasha moto hapo kwanza.

Dawa zimefuata kwa hatua zisizolingana. Dawa zinazovizuia vile vimeng'enya vya kutia alama, na hivyo kuibakiza HIF, zimeidhinishwa kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo wa muda mrefu, China ikitangulia mwaka 2018. Kwa jeraha la ghafla, hata hivyo, majaribio ya panya yanatoa onyo: katika kazi iliyotoka maabara ya Haase mwaka 2012, kuiamsha HIF kabla ya damu kukatwa kulipunguza jeraha na makovu yaliyofuata, lakini kuiamsha baada ya hapo hakukuleta faida. Erithropoietini yenyewe ilijaribiwa New Zealand kwa wagonjwa mahututi katika saa za mwanzo za jeraha, na matokeo ya mwaka 2010 hayakuonyesha kwamba inasaidia. Njia ya kutangulia inafaa pale ambapo saa ya jeraha inajulikana, kama katika upandikizaji wa figo au upasuaji mkubwa wa moyo, na huko ndiko fedha nyingi za utafiti zinakoelekea. Wagonjwa wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, ambao ni watoto wenye malaria kali au kuharisha na akina mama waliotokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, hufika hospitali wakati figo zimekwisha kujeruhiwa, mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Kwao, utafiti wenye thamani ni ule wa siku zinazofuata, unaouliza ni ishara gani inayoigeuza makrofaji kutoka uharibifu kwenda ujenzi, iwapo kurejea kwa oksijeni ni sehemu ya ishara hiyo, na iwapo ishara hiyo inaweza kutolewa kwa dawa ya bei nafuu kwa mgonjwa ambaye mkojo wake tayari umekatika.